Kuwapeleka Wazee Namugongo

Barua moja imetufikia kutoka Mbagala, upande wa Temeke, mjini Dar es Salaam. Ameiandika mama mmoja kwa niaba ya ndugu zake. Wako wanne: yeye yuko Mbagala, mdogo wake Chamazi, na kaka zake wawili wanakaa Tegeta, kule Kinondoni. Wazazi wao wamebaki kijijini, upande wa Matombo katika milima ya Uluguru. Baba ana miaka 76, naye mama ana miaka 70. Tangu zamani mama husema kwamba kabla ya kufumba macho angependa kufika Namugongo. Sasa watoto wamechanga fedha, na mume wa mwandishi anayo motokaa ya kuchukua watu saba.

Wamepanga hivi. Waondoke na wazee siku za mwisho za Mei, wapite Moshi, Arusha na Nairobi, wavuke Busia, wafike Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Kisha waende Rwanda kuzuru Kibeho, warudi nyumbani kwa njia ya Rusumo na Kahama. Yote hayo kwa siku nane, kwa sababu huyo mwenye motokaa amepewa likizo ya siku nane. Kaka mkubwa hataki. Asema wazee wamechoka, baba ana presha na kisukari, waachwe wapumzike. Dada yake amjibu: “Tukingoja, tutakwenda na picha zao.” Watuomba tuwaamulie.

Sisi twaona wazee waende. Miaka 76 si ugonjwa. Lakini ile safari iliyoandikwa katika barua si safari ya wazee; ni safari ya vijana, na wazee wamepakiwa ndani yake kama mizigo. Haya, tuihesabu. Kutoka Dar es Salaam mpaka Namugongo kwa njia ya Nairobi ni kilomita zaidi ya 1,500. Kutoka Kampala mpaka Kigali ni kama 500. Kwenda Kibeho, kule kusini mwa Rwanda, na kurudi tena Kigali, ni zaidi ya 300. Kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam ni karibu 1,500 nyingine. Jumla yake ni kama kilomita 3,800. Zigawe kwa siku nane: kila siku kilomita 475, hata siku ya sikukuu yenyewe, ambayo mama ataipitisha amekaa garini badala ya kusali.

Kijana wa miaka thelathini akishuka motokaani baada ya mwendo kama huo hujinyosha mara mbili, akala, akalala, kesho yuko tayari. Mzee hawi hivyo. Akikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, miguu yake huvimba, na wakati mwingine damu huganda ndani ya mshipa wa mguu. Donge hilo likikatika na kupanda mapafuni laweza kuua. Kinga yake si ngumu wala haina gharama. Ni kusimama kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mzee ashuke, atembee hatua mia, anywe maji, apande tena.

Na hapo kwenye maji ndipo penye shida ambayo barua haikuitaja. Tumeuliza moyoni: nani ataendesha? Mkwe. Na nani atakaa nyuma yake? Mama mkwe wake. Enyi watoto mnaokaa mjini, mmesahau mambo ya nyumbani? Mama wa Kiluguru wa miaka 70 hatamwambia mkwewe, “Simamisha gari, nataka kwenda haja.” Hata mbele ya mti mzuri na kichaka kizuri hatasema. Atafanya jambo moja tu: hatakunywa maji tangu asubuhi. Naye baba, ambaye kwa umri wake huamka usiku mara tatu, ataona haya kuwasimamisha watoto kila saa, basi naye hatakunywa. Tena ile dawa yake ya presha, kama ni ya namna ile inayokojoza, ataificha mfukoni asiimeze mpaka jioni, au ataacha kabisa “mpaka tufike”. Akiacha dawa siku tatu nne, huku amekauka maji na jua la Same limempiga, anaweza kupooza upande mmoja njiani. Watu watasema safari imemzidi. La, haikumzidi safari. Iliyomzidi ni haya.

Kwa hiyo mpeni mjukuu kazi. Mjukuu wa miaka kumi na miwili au kumi na mitano akae kando ya bibi yake. Babu na bibi hutaniana na wajukuu, hawaoni aibu mbele yao. Bibi akimnong'oneza, mjukuu ndiye apaze sauti: “Nataka kushuka!” Hakuna atakayeuliza ni haja ya nani. Tena dereva asingoje kuombwa. Asimame kwa saa yake, bila kuuliza, kama treni inavyosimama stesheni. Mtu akiulizwa, “Mama, unataka kushuka?” mbele ya wote, jibu lake mwalijua kabla hajalitoa.

Kuhusu kisukari cha baba. Dawa zichukuliwe za siku zote za safari na juma moja zaidi, zigawanywe katika mifuko miwili, kwa maana mfuko mmoja waweza kupotea. Karatasi ya daktari iwemo katika kila mfuko. Kama baba huchoma sindano za insulini, zisiachwe ndani ya motokaa iliyofungwa juani, joto huziharibu. Mahali pasipo na friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa maji hupoza vema, jambo ambalo bibi zetu walilijua kabla ya friji kuja. Chakula chake kifike kwa saa zake. Na katika mfuko wa mbele ziwemo peremende au sukari, maana mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa kisha akacheleweshwa chakula huanza kutetemeka na kutoka jasho, na hapo sukari ndiyo humwokoa. Yule mjukuu afundishwe dalili hizo.

Sasa hati. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walianza mwaka 2014 kuvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tu, lakini Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Mtanzania ahitaji pasipoti, au ile hati ya dharura ya safari ambayo Idara ya Uhamiaji hutoa. Viza haihitajiki. Lakini wazee wengi walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji, na hawana cheti cha kuzaliwa. Mambo haya hayamalizwi kwa juma moja. Mwanzo wake ni ofisi ya parokia, kwa sababu daftari la ubatizo la misioni kongwe kama Matombo mara nyingi ndiyo karatasi pekee yenye jina la mtoto, la wazazi wake na tarehe, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyopokewa katika kuandikisha kizazi kilichochelewa. Nanyi wazee mnaosoma habari hii kijijini, tazameni majina. Kama ubatizoni uliandikwa Karoli, na kitambulisho cha taifa chasema Charles, anza kulisahihisha sasa, usingoje Mei.

Liko jambo la chanjo ambalo ni zito kuliko watu wanavyodhani. Uganda hudai kwa kila mgeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, wala hakirudiwi kila miaka kumi kama zamani. Ila chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuvuka mpaka. Lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajapata kuchanjwa, chanjo hii yaweza kuleta madhara makubwa, mara chache sana, lakini mara nyingi kuliko kwa vijana. Haifai kumshika baba mkono na kumpeleka akachomwe kama mtoto wa shule. Apelekwe kwanza kwa daktari anayemjua, aelezwe presha, kisukari na dawa zote, naye apime. Daktari akikataa, huandika cheti cha kumsamehe mtu chanjo. Hapo yafaa kuuliza ubalozi wa Uganda mapema kama wataipokea mpakani. Msinunue cheti cha bandia barabarani. Twajua kwamba wapo wauzao. Mtu auzaye karatasi hiyo auza uwongo, naye baba anabaki bila kinga mwilini.

Kwa motokaa, iko kadi nyingine nayo huitwa ya manjano, watu huzichanganya. Hii ni bima ya KOMESA, inayomkinga mwenye gari akimgonga mtu nchi jirani. Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya KOMESA mwaka 2000, lakini kadi yake bado inatumika hapa, na Kenya, Uganda na Rwanda huikubali. Bima ya kawaida ya nyumbani huishia mpakani. Chukueni pia kadi ya gari yenyewe, si kivuli chake. Forodhani motokaa huandikwa kuingia kwa muda, na karatasi hiyo huonyeshwa wakati wa kutoka.

Njia ipi basi? Ushauri wetu ni kuiacha Rwanda safari hii. Si kwamba Kibeho haifai. Bikira Maria alianza kuwatokea wasichana wa shule pale tarehe 28 Novemba 1981, na Askofu Augustin Misago alitangaza kuyakubali matokeo hayo mwaka 2001. Ni mahali pa kwenda. Lakini milima ya Rwanda ni ya kupanda na kushuka, magari kule hupita mkono wa kulia, na dereva wenu hajazoea. Mama alisema Namugongo. Kibeho mmeiongeza ninyi. Mtu mzima akialikwa kula ugali na kuku, msimpikie na pilau na samaki na maandazi kwa wakati mmoja ili kumwonyesha upendo.

Siku ya kwanza toka Morogoro mpaka Korogwe, mlale. Ya pili Moshi. Ya tatu mvuke Namanga, mlale Nairobi. Pale Namanga, kama ilivyo Busia na Mutukula, siku hizi nchi mbili zinagonga mihuri ndani ya jengo moja, hivyo wazee hawapangi foleni mara mbili. Ya nne Kisumu. Ya tano Busia, Jinja, Namugongo. Hakuna siku yenye kilomita zaidi ya 350 hivi. Wazee watafika na macho yao. Wakae siku mbili tatu, kisha warudi kwa njia ya Masaka, Mutukula na Bukoba, walale tena Biharamulo, Kahama, Singida na Dodoma. Dodoma wapandishwe treni mpya ya umeme, iliyoanza kwenda huko mwaka 2024, washuke Morogoro. Ni mwendo wa saa chache, na choo kimo ndani, mama hana haja ya kumnong'oneza mtu.

Hizo ni wiki mbili, nanyi mna likizo ya siku nane. Hapo ndipo tunapomtaka kaka mkubwa, yule asiyekubali. Mkwe aendeshe kwenda, siku zake zatosha kufika, kusali na kurudi peke yake kwa basi au ndege. Naye kaka mkubwa awakute Kampala, awaendeshe wazazi wake kurudi. Asiye na hamu ya safari mara nyingi ndiye mwangalifu kuliko wote barabarani. Tena kwa mwanawe wa kuzaa mama atasema mwenyewe anapotaka kushuka. Ila mwenye motokaa aache barua ya ruhusa yenye sahihi yake, maana forodha wa Mutukula watauliza gari hili ni la nani.

Je, tarehe 3 Juni yenyewe? Siku hiyo mwaka 1886, nayo ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwaandika wote 22 katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mama huyu alikuwa mtoto wakati huo, na labda hamu yake ilianzia katika mahubiri ya siku zile. Sasa kila mwaka siku hiyo watu hufurika Namugongo, wengine wametembea kwa miguu majuma mazima. Motokaa huachwa mbali. Wazee husimama juani saa nyingi, choo ni foleni, na mtu akianguka si rahisi kumtoa. Wiki mbili baadaye utapata benchi ndani ya ile basilika ya mviringo yenye nguzo 22, ukae, utazame mahali alipochomwa Karoli Lwanga, hakuna akusukumaye. Sisi tungechagua siku za utulivu. Lakini huenda mama ataka hasa umati ule, asikie nyimbo kwa lugha nyingi, awaone maaskofu wa nchi zetu pamoja. Mwulizeni mama. Akisema tarehe 3 Juni, basi wafike siku nne kabla, nyumba ya kulala iwe karibu, na kiti cha kukunja kichukuliwe toka nyumbani.

Ninyi msio na motokaa, parokia nyingi za Dar es Salaam huandaa mabasi ya mahujaji, na mabasi ya abiria yanaanzia kituo cha Magufuli, Mbezi. Basi ni nafuu, lakini halimngoji mzee. Kateni tiketi kwa vipande, mlale Arusha au Nairobi usiku mzima kitandani, msiende moja kwa moja. Popote mtakapolala, ombeni kwanza barua ya utambulisho kwa Paroko wenu. Nyumba za wageni za masista na za misioni huwa na bei ya kiasi na geti lililofungwa usiku.

Limebaki jambo ambalo watoto hawapendi kulitaja. Mtu wa miaka 76 aweza kufariki kitandani kwake Matombo, na aweza kufariki Kisumu. Kadi ya bima ya afya ya hapa msiitegemee ng'ambo. Ulizeni bima ya safari, na kama inalipa kurudisha maiti, kwa sababu kumvusha marehemu mipaka kwahitaji cheti cha kifo, vibali na fedha nyingi. Andikeni namba za simu za balozi za Tanzania zilizoko Nairobi na Kampala. Kisha mmoja wenu, mtoto wa kwanza yafaa, akae na baba jioni, wawili tu, amwulize: “Baba, likitukuta la kutukuta huko, wataka tufanyeje?” Msidhani atashtuka. Wazee hufikiri habari hizo kuliko sisi. Labda atasema, “Nirudisheni kwa mama yangu.” Labda atasema, “Nizikeni hapo hapo, msiuze shamba.” Lolote atakalosema, watoto wanne wasikie neno moja, msije mkagombana mbele ya jeneza.

Na wakati wa kumwuliza hilo, aulizwe pia kama yeye mwenyewe ataka kwenda. Barua imejaa habari za mama. Baba ametajwa kwa magonjwa yake tu. Wako wazee wakubalio kila kitu ili wasiwavunje watoto moyo. Pengine anaona afadhali abaki na mbuzi wake, mama aende na binti zake. Hiyo nayo ni safari njema, na kaka mkubwa atakuwa amepata nusu ya alichotaka.

Kabla ya kukata shauri, fanyeni jaribio. Waleteni wazee Tegeta, siku ya pili muwapeleke Bagamoyo, kwenye misioni iliyoanzishwa mwaka 1868, kwa motokaa hiyo hiyo, dereva huyo huyo, kila mtu katika kiti atakachokaa. Nendeni asubuhi, rudini jioni. Mjukuu awe na daftari, aandike wamesimama mara ngapi, bibi amekunywa vikombe vingapi, babu amemeza dawa saa ngapi na miguu yake imekuwaje jioni. Mlipeleke daftari hilo kwa daktari siku ya kuuliza habari za chanjo. Kisha tuandikieni mmepatana nini.